Mhariri, utazameni mkono wa Meena Kumari

Mhariri,

Assalamu alaykum, wewe na wenzako wote hapo ofisini.

Jumamosi iliyopita, kwenye ukurasa wa burudani, mliweka picha ya Meena Kumari, yule mwigizaji wa filamu za Kihindi, na chini yake mistari sita. Nimeihesabu. Mlimwita malkia wa machozi, mkasema alikuwa mlevi, mkasema pombe ndiyo iliyomuua, basi. Mjukuu wangu ndiye aliyenisomea, mimi nimeinamia kazi. Nikamwambia alilete hilo gazeti. Nikaitazama picha kwa kioo cha kukuzia ninachotungia uzi siku hizi. Naijua picha ile tangu usichana wangu. Mtandio umemteremka begani, mkono wa kulia uko wazi na bangili zake, wa kushoto umefichwa ndani ya kitambaa. Ninyi mkono huo wa kushoto mmeukata kabisa. Picha imekomea kwenye kiwiko.

Nimekaa na jambo hili siku nne. Mimi si mwandishi, ni fundi cherehani, niko Kibokoni hapa Mombasa, na nimeshona zaidi ya miaka 50. Lakini huyu mwanamke namjua kama fundi anavyomjua mteja wake wa siku nyingi, ijapokuwa futi yangu ya kupimia haikupata kumgusa. Na kwa yale ninayoyajua, mlivyomwandika sivyo.

Nilikuwa na miaka 14 filamu yake ya Pakeezah ilipofika Mombasa. Yeye alikuwa ameshakufa. Aliyenipeleka ni shangazi yangu, ndiye aliyenilea na ndiye aliyenifundisha kazi. Nyakati zile mwanamke akitaka nguo ya harusi hakuja na maneno mengi. Alikuja na jina la filamu. "Nataka kama ile aliyovaa kwenye wimbo wa pili." Fundi asiyekwenda sinema alikuwa hana kazi. Kwa hiyo shangazi alikwenda na kipande cha penseli na karatasi za kufungia uzi, akaketi mbele, na wenzake walipokuwa wakilia yeye alikuwa akihesabu marinda.

Ukumbi ulijaa wanawake na buibui zao, karanga na watoto. Wengi wetu Kihindi tulikiokoteza tu, neno hapa neno pale, na aliyeelewa zaidi alimnong'oneza wa pembeni mpaka maneno yakafika mwisho wa mstari. Mimi nilikodoa macho kwenye dhahabu ya pindo. Mara shangazi akanigusa kwa kiwiko. "Hebu mtazame mkono wa kushoto, mwanangu. Hautoi."

Nikatazama. Kweli. Anacheza, mkono wa kulia unasema kila kitu, unafungua, unaita, unakataa, na wa kushoto umeshika ncha ya mtandio na mtandio umeufunika. Anakaa, mkono uko chini ya kitambaa. Anasimama dirishani, mkono uko nyuma ya pazia. Tulirudi mara ya pili, na ya tatu, kwa ajili ya mkono tu. Shangazi akasema, "Huyu ana kitu kidoleni. Na aliyemkatia nguo hizi anajua, maana kila nguo imeachiwa kitambaa cha kufichia upande ule."

Ilichukua miaka kabla ya sisi kujua kwamba aliyebuni mavazi yake katika filamu ile ni Meena Kumari mwenyewe. Shangazi alipoambiwa alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi ni mwenzetu."

Kisa cha mkono ni hiki. Mwaka 1951, akiwa na miaka 17 hivi, alipata ajali ya gari akitoka Mahabaleshwar kurudi Bombay. Alilazwa hospitali Poona miezi mingi. Alipotoka, kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kilikuwa kimeharibika na hakikurudi hali yake. Yeye ni mwigizaji, chakula cha nyumba nzima kinatokana na umbo lake, na kamera haisamehe. Aliificha kasoro hiyo miaka 20, filamu baada ya filamu, mbele ya mamilioni ya watu. Watu hawakuona kuficha. Waliona madaha. Wasichana wa hapa kwetu walianza kushika ncha za mitandio yao vilevile, wakidhani ndio urembo wa Kihindi. Mimi nimewashonea mitandio ya wari tatu badala ya mbili na nusu kwa sababu hiyo tu.

Haya, Mhariri. Mtu anayefanya hivyo mnamwita nini? Mimi namwita mfanyakazi anayeijua kazi yake. Ndilo neno lililokosekana katika mistari yenu sita.

Jina lake la kuzaliwa ni Mahjabeen Bano. Alizaliwa Bombay, tarehe 1 Agosti 1933. Baba yake, Ali Bux, alikuwa mtu wa muziki, akipiga harimuni na kufundisha, akitunga mashairi ya Kiurdu na kupata vijisehemu vidogo kwenye michezo ya kuigiza. Mama yake, Iqbal Begum, alikuwa mchezaji ngoma wa jukwaani. Umaskini ulikuwa mtupu. Inasimuliwa kwamba baba hakuwa na fedha za kumlipa daktari aliyemzalisha mkewe, na kwamba alimpeleka mtoto akamwacha kwenye nyumba ya mayatima, kisha moyo ukamsuta akarudi kumchukua. Alitaka mtoto wa kiume na Mungu alimpa binti wa pili.

Nyumba yao ilikuwa Dadar, karibu na studio za filamu, na wazazi walimpeleka mtoto huko kutafuta kazi. Mwaka 1939, mkurugenzi Vijay Bhatt alimweka kwenye filamu yake, na malipo ya siku ya kwanza yalikuwa rupia 25. Mtoto alikuwa na miaka isiyotimia sita. Ni Bhatt huyo huyo aliyembadilisha jina likawa Baby Meena. Tangu siku ile mtoto yule ndiye aliyelisha nyumba. Wanasimulia kwamba alilia akitaka kwenda shule kama wenzake. Shule hakuipata kwa maana ya shule. Alisoma kwa vitabu alivyobeba kwenda navyo kazini, akijibanza pembeni ya taa wakati watoto wengine wa filamu wakikimbizana.

Hapa naomba nisimame kidogo. Mimi niliketishwa kwenye cherehani ya mkono nina miaka tisa, kupinda leso, senti kadhaa kwa leso moja. Siwalaumu wazee wangu, baba alikuwa amekufa baharini na hali ilikuwa ile. Lakini mtoto anayelisha watu wazima hujifunza jambo moja mapema, kwamba akisimama yeye, sufuria nayo inasimama. Jambo hilo halitoki mwilini. Nikimtazama Meena Kumari akitabasamu kwenye filamu zake za utoto, nikiyaona mabega yale yaliyonyooka mno kwa umri ule, nayatambua.

Alipokua, kwanza walimpa filamu za miungu ya Kihindu na za hekaya za maajabu, filamu za bei rahisi ambazo majina makubwa hayakuzitaka. Hakubagua. Kisha Bhatt yule yule akamchukua kwa Baiju Bawra, iliyotoka 1952, na nyimbo za mtunzi Naushad. Filamu hiyo ilimbeba mpaka juu. Tuzo za Filmfare, zile tuzo kubwa za filamu za Kihindi, zilipotolewa kwa mara ya kwanza, mwaka 1954, tuzo zenyewe zikiwa tano tu, ya mwigizaji bora wa kike ilikwenda kwake. Kwa hiyo kila mwigizaji wa kike aliyeinuliwa na Filmfare tangu wakati huo amefuata nyuma yake. Mwaka uliofuata akaichukua tena, kwa Parineeta ya Bimal Roy. Zote pamoja alipata nne.

Na mnamwita malkia wa machozi. Ndiyo, walimwita hivyo hata huko kwao. Lakini je, mwandishi wenu amemwona kwenye Azaad ya 1955 au Kohinoor ya 1960, pamoja na Dilip Kumar? Amemwona kwenye Miss Mary ya 1957? Mle anacheka, anachokoza, anamkimbiza mtu na maneno. Shangazi alikuwa akiipenda Kohinoor kuliko zote kwa sababu, alisema, mle Meena anapumua. Na kwenye Dil Apna Aur Preet Parai ni muuguzi wa hospitali, sare nyeupe, kofia ndogo ya kiuguzi, anaimba kwenye mashua usiku mwanamume anayempenda akiwa na mke wake pale pale, na hatoi chozi hata moja. Anatabasamu. Ndiyo maana ukumbi mzima unalia. Kulia kila mtu anaweza, hata mtoto. Kumliza mtu mwingine huku wewe unatabasamu, hiyo ni kazi nyingine.

Sasa nije kwenye pombe, maana ndiko mlikong'ang'ania.

Mwaka 1962 ilitoka Sahib Bibi Aur Ghulam. Guru Dutt ndiye aliyeitengeneza na Abrar Alvi ndiye mkurugenzi. Meena Kumari anaigiza mke mdogo wa nyumba ya matajiri wa Kibengali. Mumewe kila usiku yuko kwa wanawake wa nje, na anamwambia mkewe kwamba kama anataka abaki naye, basi anywe naye. Mke yule aliyelelewa kwa ibada anakunywa, kwa ajili ya kumweka mume nyumbani, na ulevi unammaliza. Jinsi alivyoigiza ulevi ule, macho yanazama polepole, ulimi unazidi uzito, mkono unatafuta mto na kuukosa, watu wakadhani ndivyo alivyo. Lakini wanaosimulia maisha yake wanasema brandi iliingia nyumbani kwake 1963, baada ya filamu hiyo. Hakuwa na usingizi, na daktari ndiye aliyemshauri anywe kidogo usiku badala ya vidonge. Kwa hiyo alipoigiza alikuwa anaigiza. Aliutengeneza ulevi kwa ufundi, na watu wakautumia ufundi wake huo huo kumvunjia heshima. Mwaka 1963, majina yote matatu yaliyopendekezwa kwa tuzo ya mwigizaji bora wa kike yalikuwa yake, kwa filamu tatu tofauti za mwaka mmoja. Alishindana na nafsi yake, na ni Sahib Bibi Aur Ghulam iliyoshinda.

Usingizi uliondoka kwa nini? Aliolewa na mkurugenzi Kamal Amrohi tarehe 14 Februari 1952, kwa siri. Baba yake alikuwa akimteremsha yeye na mdogo wake zahanati jioni, kwa ajili ya tiba ya ule mkono, kisha anarudi baada ya saa mbili kuwachukua. Ndani ya saa mbili hizo alifungishwa nikahi akarudi zahanati kumngoja baba. Bwana harusi alikuwa na mke na watoto watatu. Walipoishi pamoja masharti yakawa mengi: arudi nyumbani saa kumi na mbili na nusu jioni, asipande gari jingine ila lake, asiingie mtu kwenye chumba chake cha kujipambia ila anayempaka rangi. Yeye ndiye aliyekuwa na jina, yeye ndiye aliyekuwa akileta fedha, na yeye ndiye aliyekuwa akiangalia saa. Machi 1964, akiwa kazini, msaidizi wa mumewe alimpiga kofi mbele ya watu. Hakurudi nyumbani tena. Alikwenda kwa mdogo wake, aliyekuwa mke wa mchekeshaji Mehmood.

Nimewashonea wanawake wengi, Mhariri. Mwanamke akivua buibui apimwe, fundi huona mambo ambayo mashemeji na mawifi hawayaoni. Sitasema zaidi. Nasema tu kwamba anayeandika "alikuwa mlevi" na asiandike kofi, ameanza hadithi kutoka mwisho.

Ini likaharibika. Mwaka 1968 alipelekwa London na Uswisi kutibiwa. Alirudi, na kitu cha kwanza alichofanya ni kwenda kazini.

Pakeezah ndiyo hadithi nzima kwangu. Kamal Amrohi aliianza miaka ya 1950, mapenzi yao yakiwa bado na joto, akitaka kumjengea mkewe jumba la filamu. Walianza kwa picha nyeusi na nyeupe, zikaja rangi, wakatupa wakaanza upya. Ikaja picha pana ya CinemaScope, wakaanza tena. Ndoa ilipovunjika kazi ikasimama miaka mitano. Katika miaka hiyo mpigapicha wao mkuu, Mjerumani Josef Wirsching, alifariki 1967, na mtunzi wa muziki, Ghulam Mohammed, akafariki 1968, na Naushad ndiye aliyekuja kumalizia. (Huyu Ghulam Mohammed naye asisahauliwe. Filmfare hawakumpa tuzo ya muziki wa Pakeezah, na mwigizaji Pran alikataa kupokea tuzo yake mwenyewe kwa sababu hiyo. Wapo watu wa namna hiyo duniani.) Mwigizaji Sunil Dutt na mkewe Nargis, naye mwigizaji, walionyeshwa vipande vilivyokwisha kupigwa, wakawaomba Amrohi na Meena Kumari waimalize. Mwaka 1969 Meena Kumari akarudi mbele ya kamera ya mume aliyemkimbia. Inasemwa malipo aliyochukua ni sarafu moja ya dhahabu.

Kwa jicho la fundi filamu ile ni kitu cha ajabu. Anaingia mlango mmoja ana miaka 20 na kitu, anatokea wa pili ana 36 na ini limekwisha. Mtazamaji wa kawaida hajui. Shangazi alijua. "Tazama shingo," alisema. "Nguo ni ile ile, shingo si ile." Kwenye wimbo mmoja wa nje amevaa shuka iliyofungwa kiunoni, mithili ya kikoi chetu, na shati pana juu. Hapa Mombasa wasichana walishangilia, walisema Meena Kumari amevaa kikoi. Shangazi hakushangilia. Alisema nguo ile imechaguliwa na mtu ambaye tumbo lake limevimba na hataki lionekane. Baadaye tukasoma kwamba ndivyo ilivyosemwa na wengi.

Na ile ngoma ya mwisho, juu ya vioo vilivyovunjika, nguo nyeupe, damu kwenye shuka nyeupe. Rinda linafunguka kama mwavuli, linazunguka, mtandio umefunika uso. Tulikuwa tunaiona mara ya tatu shangazi aliposema, "Huyu si yeye. Mabega si yake." Nikamwambia ni yeye, nguo ni yake. "Nguo ni yake, mabega si yake." Miaka mingi baadaye nikapata habari kwamba hakuwa na nguvu tena za kucheza, na baadhi ya ngoma alichezewa na msichana aitwaye Padma Khanna, uso umefunikwa. Lakini kamera inapokuja karibu, mtandio unapofunuka, ni yeye. Yale macho ni yake. Alichokiweza alikifanya mwenyewe mpaka siku ya mwisho, na alichokishindwa alikitafutia kitambaa.

Pakeezah ilianza kuonyeshwa Bombay tarehe 4 Februari 1972. Yeye alifariki Ijumaa, tarehe 31 Machi, hata miezi miwili haijatimia, umri wake miaka 38. Akazikwa Mazgaon. Watu ambao mwanzoni hawakuipapatikia filamu wakaanza kupanga foleni. Miaka 33 tangu zile rupia 25, filamu zaidi ya 90.

Nyimbo zake hapa kwetu zilikuwa zikisikika madirishani mchana kutwa. Najua aliyeimba ni Lata Mangeshkar. Lakini sauti ile tuliiona midomoni mwa Meena Kumari, na mpaka leo nikiisikia nauona uso wake. Na kwenye harusi za Mji wa Kale, Juma Bhalo, Mungu amrehemu, aliyachukua mahadhi ya filamu za Kihindi akayatilia mashairi ya Kiswahili ambayo wazee walikuwa wakiyatikisia kichwa. Kwa hiyo msimwandike kama mtu wa mbali aliyekufa mbali.

Jambo la mwisho, nalo sikuliona kabisa kwenye gazeti lenu. Meena Kumari alikuwa mshairi. Aliandika kwa Kiurdu, kwa jina la Naaz, na mwaka 1971 alitoa sahani ya santuri akiyaghani mashairi yake mwenyewe kwa sauti yake mwenyewe, muziki wa Khayyam. Daftari zake alimwachia mshairi Gulzar, na Gulzar akazitoa kitabu baada ya kifo chake. Tulikuwa na sinema hapa Mombasa iliyoitwa Naaz. Nimepita mbele ya jina hilo mamia ya mara nikienda Biashara Street kununua zari na uzi, bila kujua kwamba ndilo jina alilojichagulia mwanamke yule kwa kazi ambayo hakuna aliyemlazimisha kuifanya. Mahjabeen alipewa na wazazi. Meena alipewa na studio. Hilo la tatu alijipa mwenyewe.

India walimtolea stempu ya posta mwaka 2011. Mjukuu wangu amenionyesha kwenye simu. Hata stempu ile ndogo nimeikuza kwa vidole nikautafuta mkono.

Ninachoomba si kikubwa. Mna ukurasa, mna waandishi vijana wenye mitandao mikononi ambayo sisi hatukuwa nayo. Mpeni mmoja wao siku mbili atazame Kohinoor, kisha Sahib Bibi Aur Ghulam, kisha Pakeezah, kwa mpangilio huo, na aandike kazi ya mwanamke huyu: alivyoingia, alivyolipwa, alivyoigiza, alivyovaa. Kifo chake kiwekeni, na ugonjwa wake pia, sikatai, vilikuwepo. Akikwama kwenye mambo ya mavazi, aje Kibokoni aulize nyumba ya fundi, wataonyesha. Zile karatasi za shangazi za kufungia uzi bado ninazo, na penseli haijafutika sana.

Na picha ile mkiichapisha tena, iacheni iteremke mpaka kwenye pindo la mtandio.

Wako,
Fundi wa Kibokoni,
Mji wa Kale, Mombasa